Kuendesha programu kama sevisi kwenye Linux: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya maswali nayajibu karibu kila wiki, mara kwa mtu aliyeandika boti yake ya kwanza, mara kwa mtu mwenye seva ya miaka mingi ambaye bado anaacha leptopu wazi usiku kucha ili programu yake isife. Nimeamua kuyaweka sehemu moja. Mfano nitakaoutumia mwanzo mpaka mwisho ni programu ndogo ya Python inaitwa kumbusho, iko kwenye folda `/opt/kumbusho`, kazi yake kuwatumia watu ujumbe wa kuwakumbusha ratiba zao. We toa hilo jina weka la kwako.

## Sevisi ni nini hasa?

Ni programu ambayo haina mtu aliyekaa mbele yake. Haina dirisha, haisubiri ubonyeze kitu, mfumo ndo unaiwasha mashine ikiwaka na mfumo ndo unaizima mashine ikizimwa. Watu wa Unix tangu zamani wanaiita daemon, ndo maana unakuta majina mengi yanaishia na herufi d: `sshd`, `crond`, `httpd`.

Kinachoifanya programu iwe sevisi si namna ilivyoandikwa, ni nani mzazi wake. Ukiiwasha kwa mkono mzazi wake ni shell yako (programu inayopokea amri unazoandika), na shell yako nayo inaning'inia kwenye muunganisho wa SSH (njia ya kuingia kwenye seva ukiwa mbali), kwa hiyo mnyororo ukikatika popote mtoto yuko hatarini. Ikiwa sevisi, mzazi wake ni prosesi (yaani programu inayoendelea kufanya kazi) namba 1, ile ya kwanza kabisa inayowashwa na kerneli (kiini cha Linux), na hiyo haiondoki mpaka mashine yenyewe izimwe.

## Si naweza tu kuweka & mwishoni? Au nohup?

Unaweza, na kwa kazi ya nusu saa sina neno. Alama ya `&` inakurudishia tu nafasi ya kuandika amri nyingine, programu bado ni ya terminali ile ile. Muunganisho ukikatika kerneli inatuma ishara ya SIGHUP, shell inaisambaza kwa watoto wake, na programu isiyojua kuishughulikia hiyo ishara inakufa hapo hapo. Kuna siku inapona, hasa ukitoka mwenyewe vizuri kwa `exit`, na hiyo ndo mbaya zaidi maana unaamini umemaliza kazi.

`nohup` inaifanya programu ipuuze hiyo SIGHUP na maandishi yake yanaenda kwenye faili la `nohup.out`. `screen` na `tmux` ni nzuri zaidi, unaweza kurudi kesho ukaikuta terminali yako kama ulivyoiacha, mi mwenyewe natumia tmux kila siku. Lakini zote zina pengo moja: hakuna anayeilinda programu. Ikianguka saa nane usiku inabaki chini, na mashine ikijiwasha upya hakuna kinachorudi.

Niliwahi kuacha boti kwenye nohup miezi kadhaa, ikawa inafanya kazi vizuri mpaka nikasahau kwamba ipo. Usiku mmoja mashine ikaapdeti kerneli ikajiwasha upya na boti haikurudi. Siku tatu watu hawakupata ujumbe wao, na nilijua siku ya nne pale mtu mmoja aliponiandikia kuniuliza kama nimemsahau. Kiliniuma sana, kwa sababu faili la laini chache tu lingetosha kuzuia yote yale.

## systemd ni nini, na nitajuaje kama mashine yangu inayo?

Ndo hiyo prosesi namba 1 kwenye Linux nyingi za leo. Ilianzishwa na Lennart Poettering na Kay Sievers mwaka 2010, Fedora ikaichukua kama chaguo lake la msingi mwaka 2011, na mwaka 2015 Debian 8 na Ubuntu 15.04 nazo zikaingia. Kabla ya hapo kila sevisi ilikuwa na skripti yake ndefu ya shell ndani ya `/etc/init.d`, na kila mwandishi alikuwa na namna yake ya kuandika.

Kujua unayo au huna, andika:

```
ps -p 1 -o comm=
```

Ikijibu `systemd` endelea kusoma. Kama uko kwenye Alpine utakuta OpenRC, Void wanatumia runit, na Devuan ipo mahsusi kwa wasioitaka systemd. Huko wazo ni lile lile ila mafaili ni tofauti. Ndani ya kontena la Docker nako kwa kawaida hakuna systemd, programu yako yenyewe ndo namba 1.

## Haya, hilo faili likoje?

Hili hapa zima, na kwa programu nyingi linatosha:

```
[Unit]
Description=Boti ya kumbusho za ratiba
Wants=network-online.target
After=network-online.target

[Service]
User=kumbusho
WorkingDirectory=/opt/kumbusho
Environment=PYTHONUNBUFFERED=1
ExecStart=/opt/kumbusho/venv/bin/python /opt/kumbusho/kumbusho.py
Restart=on-failure
RestartSec=5

[Install]
WantedBy=multi-user.target
```

Liite `kumbusho.service` na uliweke `/etc/systemd/system/`. Mafaili yanayokuja na pakiti za mfumo yanakaa `/usr/lib/systemd/system` au `/lib/systemd/system`, kule usiguse, maana apdeti inayofuata itafuta ulichoandika. Na majina yakigongana, lililoko `/etc` ndo linashinda.

Sehemu ya `[Unit]` inasema sevisi ni nini na inamsubiri nani. `[Service]` inasema iwashweje. `[Install]` inasomwa tu pale unapoandika `enable` au `disable`, na `multi-user.target` maana yake ni ile hatua ambayo mashine imeshawaka kiasi cha kutumika hata bila skrini ya picha.

Angalia hiyo laini ya ExecStart. Nimeita Python iliyo ndani ya venv (folda yenye Python na pakiti za programu hii peke yake) moja kwa moja kwa njia yake kamili, sijafanya `source activate` wala nini. Watu wengi wanahangaika kuactivate venv ndani ya sevisi na haihitajiki kabisa, ukiita hiyo `python` ya ndani yenyewe inajua pakiti zake ziko wapi.

Na usiweke maelezo mwishoni mwa laini. Ukiandika `RestartSec=5 # sekunde tano` systemd inadhani maneno yote hayo ni sehemu ya thamani. Maelezo yanakaa kwenye laini yake peke yake, yakianza na `#`.

## Nimeshaliweka, sasa?

```
sudo systemctl daemon-reload
sudo systemctl enable --now kumbusho
systemctl status kumbusho
```

Ya kwanza inaiambia systemd isome mafaili upya. Ya pili inaiwasha sasa hivi na pia inaiandikisha iwe inawaka yenyewe. Ya tatu usiiruke hata kama ya pili imenyamaza, kwa sababu kwa aina ya kawaida ya sevisi, systemd inahesabu imefanikiwa pale tu inapozaa prosesi, haisubiri kuona kama programu imeamka vizuri. Programu inaweza kufa sekunde moja baadaye na amri yako ikawa imerudi bila erori yoyote.

## start na enable zina tofauti gani?

`start` ni ya sasa hivi, haikumbuki kesho. `enable` ni ya kesho, haiwashi kitu leo. Kwa undani `enable` inatengeneza kiungo kwenye folda ya `multi-user.target.wants`, basi. Mtu anayefanya `start` peke yake anarudi kule kule kwenye hadithi yangu ya nohup, mashine ikijiwasha upya sevisi haipo. Ukiwa na wasiwasi uliza `systemctl is-enabled kumbusho`.

## Kwenye terminali inafanya kazi, kwenye sevisi inakataa. Kwa nini?

Hili ndo swali kubwa kuliko yote na ningependa ulisome taratibu, kwa sababu karibu kila tatizo la sevisi linatoka hapa.

Ukiingia kwenye seva kwa mkono unakuja na mizigo mingi usiyoiona: `.bashrc` imesomwa, `.profile` imesomwa, PATH (orodha ya folda ambamo amri zinatafutwa) imeongezwa vitu, uko kwenye folda yako, unatumia jina lako na ruhusa zako. Sevisi inaanza mikono mitupu. Haisomi `.bashrc`, PATH yake ni fupi ya folda za msingi za mfumo tu, na usipoweka WorkingDirectory inaanzia kwenye `/`. Kwa hiyo programu inayofungua `config.json` bila njia kamili inalitafuta faili kwenye `/config.json` na hailioni, halafu inakufa, na we unaapa kwamba faili lipo. Lipo kweli, ila si pale inapotafuta.

Waliosakinisha Node (ile ya kuendesha JavaScript) kwa nvm, chombo cha kusimamia matoleo yake, wanakutana na hili sana. Node yao iko ndani ya folda ya nyumbani na inajulikana kwa sababu tu `.bashrc` iliitaja. Andika `which node` kwenye terminali, chukua njia yote unayopewa, iweke kwenye ExecStart.

La pili ni kwamba ExecStart si shell. Kinafanana na shell lakini sicho. Alama ya `|` haifanyi kazi, `>` haifanyi kazi, `&&` haifanyi kazi, `~` haigeuki kuwa folda yako, `*.txt` inabaki nyota na herufi. Programu yako itapewa hizo alama kama maneno ya kawaida na itachanganyikiwa. Kama unazihitaji kweli, ita shell mwenyewe:

```
ExecStart=/bin/sh -c 'cat /opt/kumbusho/orodha.txt | /opt/kumbusho/tuma'
```

Ila ikishafika hapo mi huwa naandika skripti ndogo pembeni, naipa ruhusa ya kuendeshwa, na ExecStart inaita hiyo skripti. Mwisho wa skripti naweka `exec` mbele ya programu yenyewe ili shell isibaki katikati ikipokea ishara zisizo zake.

La tatu, ruhusa. Umeandika `User=kumbusho` lakini mafaili ni ya kwako na folda yako ya nyumbani imefungwa wengine wasiingie. Jaribu kuwa yule yuza uone anachokiona:

```
sudo -u kumbusho /opt/kumbusho/venv/bin/python /opt/kumbusho/kumbusho.py
```

Ukianzia kwenye folda ya `/` hiyo amri moja inakuonyesha makosa mengi kabla hata hujagusa systemd.

## "code=exited, status=203/EXEC" maana yake nini?

Maana yake systemd imeshindwa hata kuianzisha programu, kwa hiyo usitafute kosa ndani ya kodi yako, haijafikiwa. Angalia kwa mpangilio huu: njia uliyoandika ipo kweli? Faili lina ruhusa ya kuendeshwa, yaani `chmod +x`? Kama ni skripti, laini ya kwanza kabisa ni `#!/bin/bash` au `#!/usr/bin/env python3`, au umeiacha?

Halafu kuna moja lililonila jioni nzima. Skripti iko, ruhusa iko, laini ya kwanza iko, na bado 203. Ilikuwa imeandikwa kwenye Windows, na kila laini ilikuwa na herufi moja ya ziada mwishoni isiyoonekana, kwa hiyo mfumo ulikuwa unatafuta programu inayoitwa `/bin/bash` pamoja na hiyo herufi, na programu kama hiyo haipo duniani. Jaribu `file skripti.sh`, ikitaja CRLF, `sed -i 's/\r$//' skripti.sh` inamaliza.

Kwenye Fedora na ndugu zake, SELinux (ulinzi wa ziada wa mfumo) nayo inaweza kukataa sevisi iendeshe faili lililoko kwenye folda ya nyumbani. Hamishia `/opt` au `/usr/local/bin` kisha `restorecon` kwenye hilo faili.

Namba nyingine mbili za kukariri: 200/CHDIR ni WorkingDirectory haipo au haiingiliki, na 217/USER ni yuza uliyemtaja hayupo kwenye mfumo.

## Logi zangu zimeenda wapi?

Chochote programu yako inachochapisha kinachukuliwa na journald, sehemu ya systemd inayotunza logi. Huna haja ya kutengeneza faili la logi.

```
journalctl -u kumbusho -n 50
journalctl -u kumbusho -f
journalctl -u kumbusho --since "1 hour ago"
journalctl -u kumbusho -b
```

Ya kwanza laini 50 za mwisho, ya pili inafuatilia moja kwa moja, ya tatu saa moja iliyopita, ya nne tangu mashine iwake. Kama unaona nusu tu au huoni kitu, weka `sudo` mbele.

Ikiwa Python yako haionyeshi kitu mpaka sevisi izimwe ndo maandishi yote yamwagike kwa pamoja, si systemd. Python ikiona haiandiki kwenye terminali inakusanya maandishi kwanza ndo iyatoe kwa mafungu, na ndo sababu kwenye faili langu kuna `PYTHONUNBUFFERED=1`. Bila hiyo programu ikiuawa ghafla unapoteza laini za mwisho, ambazo ndo hasa unazihitaji.

Kuhusu nafasi ya diski, journald inajizuia yenyewe: kwa kawaida haizidi asilimia 10 ya diski iliyomo na haivuki GB 4. `journalctl --disk-usage` inakuonyesha ilipofika. Ukikuta logi zinapotea kila mashine ikijiwasha upya, tengeneza folda ya `/var/log/journal` kisha ristati `systemd-journald`.

Naomba sana, ukija kuuliza msaada popote, njoo na hizo laini 50. "Sevisi haiwaki" peke yake haimsaidii mtu yeyote kukusaidia.

## Type= niweke ipi?

Usipoweka kitu inakuwa `simple`, yaani programu inakaa mbele na haijifichi, na hiyo ndo unayoitaka mara nyingi. `exec` ni kama hiyo ila inasubiri mpaka faili lianze kweli, kwa hiyo 203 unaiona papo hapo kwenye `start`. `oneshot` ni ya kazi inayoanza na kuisha, mfano kutengeneza nakala. `notify` ni ya programu zinazojua kuiambia systemd "niko tayari".

`forking` ndo inayowatesa watu. Ni ya programu za zamani zinazojizaa mara mbili na kujitenga zenyewe. Ukiweka `forking` kwa programu isiyojitenga, systemd itasubiri mzazi atoke, hatoki, na baada ya sekunde 90 inaiua ikidhani imeshindwa. Kinyume chake nacho kipo: umeacha `simple` lakini umeipa programu `--daemon`, inajitenga, mzazi anatoka, systemd inaona imeisha inafagia na watoto. Ondoa `--daemon`, ondoa `nohup`, ondoa `&`. Kujitenga ni kazi ya systemd sasa hivi, programu ikae mbele tu itulie.

## Ikianguka itasimama yenyewe?

Ukiweka `Restart=on-failure`, ndiyo, ikitoka kwa kosa au ikiuawa na ishara isiyo ya kawaida. `always` inairudisha hata ikitoka kwa amani. Ukiizima mwenyewe kwa `systemctl stop` hairudi kwa yoyote kati ya hizo.

Hapa kuna kitu cha kukielewa vizuri. Usipoweka RestartSec inasubiri milisekunde 100 tu, na systemd ina kikomo cha kuwasha mara 5 ndani ya sekunde 10. Kwa hiyo databesi ikichelewa sekunde chache kuamka, programu yako inaanguka mara tano chap chap, kikomo kinafika, na unakuta "Start request repeated too quickly" na haijaribu tena kamwe. Ukiweka `RestartSec=5` haiwezi kufikisha mara tano ndani ya sekunde kumi, itaendelea kujaribu mpaka databesi iamke. Ubaya wake ni kwamba programu yenye bagi itaanguka na kuamka milele bila kukuambia, kwa hiyo pitia logi. Ikishakwama, `systemctl reset-failed kumbusho` halafu iwashe tena.

## Iendeshwe na root?

Hapana. Usipoandika `User=` itaendeshwa na root (yuza mwenye ruhusa zote), na programu inayopokea vitu kutoka intaneti ikiwa root, tundu moja dogo ndani yake linakuwa tundu la mashine nzima. Kumtengeneza yuza ni laini moja:

```
sudo useradd --system --no-create-home --shell /usr/sbin/nologin kumbusho
```

Wanaobishana huwa wanasema "lakini nataka poti 80". Sawa, poti za chini ya 1024 zinalindwa, ila huhitaji uroot wote kwa ajili ya hilo, andika `AmbientCapabilities=CAP_NET_BIND_SERVICE` chini ya `[Service]` umepata hiyo haki moja tu.

Ukitaka kubana zaidi, ongeza:

```
NoNewPrivileges=true
PrivateTmp=true
ProtectHome=true
ProtectSystem=strict
StateDirectory=kumbusho
```

ProtectSystem=strict inafanya karibu diski yote isomeke tu bila kuandikika, ProtectHome inaficha folda za nyumbani, na StateDirectory inakutengenezea `/var/lib/kumbusho` ya kuandikia, ikiwa na ruhusa sahihi tayari. Weka moja moja ukijaribu, usizimwage zote halafu ukashindwa kujua ipi imekukwamisha. `systemd-analyze security kumbusho` inakupa alama ya jinsi sevisi ilivyo wazi, namba ikiwa ndogo ndo salama zaidi.

Kuna na `MemoryMax=300M` na `CPUQuota=50%`. Kwenye seva ndogo hizi ni dawa, programu moja inayovuja memori haiangushi wenzake.

## Nimeweka After= lakini bado inawaka kabla mtandao haujawa tayari

`After=` ni foleni tu, inasema nani atangulie, haimwiti mtu. `Wants=` na `Requires=` ndo zinazoita. Ndo maana utaona nimeandika zote mbili kwa `network-online.target`. Na usiichanganye na `network.target`, hiyo haimaanishi kwamba una anwani ya IP.

Hata hivyo mtandao unaweza kuwepo mashine ikiwaka na ukakatika saa sita mchana, na hapo hakuna laini ya `After` itakayokuokoa. Programu yenyewe ijue kujaribu tena, au ianguke na Restart iiinue.

## Neno la siri la databesi niliweke wapi?

Si kwenye `Environment=`. Yaliyomo kule yuza yeyote wa mashine anaweza kuyaona kwa `systemctl show`. Weka faili pembeni, mfano `/etc/kumbusho.env`, liwe la root, lifunge kwa `chmod 600`, na kwenye sevisi andika `EnvironmentFile=/etc/kumbusho.env`. systemd inalisoma ikiwa bado root, kwa hiyo yuza kumbusho hahitaji kuweza kulifungua. Ndani ni `JINA=thamani` kila laini, bila neno `export`.

## Nimebadilisha kitu, nifanye daemon-reload au restart?

Umebadilisha kodi ya programu: `restart` tu. Umebadilisha faili la `.service`: `daemon-reload` kwanza halafu `restart`. Kama unabadilisha sevisi iliyokuja na pakiti, tumia `sudo systemctl edit jina`, inafungua faili dogo la nyongeza ambalo apdeti haitalifuta. Ukitaka kubadilisha ExecStart humo, weka kwanza `ExecStart=` tupu kufuta ya zamani, kisha laini inayofuata weka yako, la sivyo itakataa ikisema ziko mbili.

## Sina sudo kwenye hii mashine

Weka faili `~/.config/systemd/user/`, toa laini ya `User=`, toa na hizo mbili za mtandao maana target za mfumo hazionekani kutoka huku, badilisha `WantedBy` iwe `default.target`, na kila amri iandike `systemctl --user`. Njia ya folda yako ya nyumbani unaweza kuiandika `%h`. Kitu kimoja ambacho wengi wanakikosa: sevisi za hivi zinazimwa ukitoka kwenye mashine, mpaka uandike `loginctl enable-linger`. Kwenye mashine nyingine hiyo itahitaji msimamizi akukubalie, muombe mara moja tu imeisha.

## Kuizima kunachukua dakika moja na nusu

Ukisema `stop` systemd inatuma SIGTERM, inasubiri sekunde 90, ikiona kimya inatuma SIGKILL ambayo hakuna programu inayoweza kuikataa. Kwa hiyo programu yako haisikilizi SIGTERM. Ishughulikie kwenye kodi: funga databesi, maliza ujumbe uliokuwa unatuma, toka. Unaweza kupunguza kwa `TimeoutStopSec=10`, lakini kama programu inaandika data, tengeneza kodi kwanza, kuikata katikati ya kuandika ndo njia ya kuharibu mafaili.

## Nataka iendeshwe kila usiku tu, si muda wote

Hiyo si sevisi ya kukaa, ni taima. Andika `nakala.service` ya `Type=oneshot` isiyo na `[Install]`, halafu `nakala.timer` pembeni yake:

```
[Timer]
OnCalendar=*-*-* 02:30:00
Persistent=true

[Install]
WantedBy=timers.target
```

Unaenable taima, si sevisi. `Persistent=true` inamaanisha kama mashine ilikuwa imezimwa saa nane na nusu usiku, kazi itafanyika ikiwaka, na hapo ndo inapoishinda cron ya kawaida, ile njia ya zamani ya kupangia kazi muda. `systemctl list-timers` inakuonyesha zamu inayofuata.

## Sitaki tena hii sevisi, naifutaje kabisa?

```
sudo systemctl disable --now kumbusho
sudo rm /etc/systemd/system/kumbusho.service
sudo rm -r /etc/systemd/system/kumbusho.service.d
sudo systemctl daemon-reload
sudo systemctl reset-failed
```

Anza na `disable`, kabla ya kufuta faili, maana ukifuta kwanza kiungo kinabaki kinaelekea kusikokuwepo. Laini ya tatu ni kama uliwahi kutumia `systemctl edit`, vinginevyo itakuambia folda haipo na unaendelea. Yuza, `/var/lib/kumbusho` na lile faili la `/etc/kumbusho.env` havifutiki vyenyewe, hilo la mwisho lifute kwa makusudi kwa sababu bado lina neno la siri ndani.